Moto Usio na Jivu

Lugha yetu imejaa moto. Twasema moto huzaa jivu, na kila aliyekulia pwani huijua maana yake bila ya kufasiriwa. Tuna kuinjika na kuepua, kuvuvia na kuchochea, kupalia makaa na kuyafukia. Malenga akitaka kusema pendo lililofichwa, hutazama kaa lililofunikwa na jivu. Akitaka kusema fitina, humsaka mchochezi. Maneno haya hayakutungwa barazani. Yalizaliwa jikoni, kwa wanawake walioinama huku machozi yakiwatoka kwa moshi.

Nimeyafikiri sana hayo tangu sisi ndugu tulipokubaliana kumnunulia mama jiko jipya. Kifua chake kilikwisha kuchoka. Daktari alitamka kwa upole lile ambalo sote tulilijua: kuni na mkaa, basi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na hata mkaa usiotoa moshi mwingi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Lakini hesabu za dunia ni kubwa mno kuingia katika nyumba moja. Sisi tulikuwa na kikohozi kimoja tu, nacho tulikisikia kila alfajiri.

Jiko tulilolikusudia ni la sumaku, ambalo wauzaji huliita la induksheni. Juu yake ni kioo kitupu. Chini ya kioo mna mizunguko ya waya wa shaba. Umeme hupita humo ukigeuza mwendo wake maelfu ya mara kwa sekunde, ukazaa nguvu ya sumaku, nayo ikaamsha umeme mwingine ndani ya kitako cha sufuria. Chombo chenyewe ndicho kinachopata moto. Asili ya yote hayo ni kanuni aliyoigundua Michael Faraday mjini London mwaka 1831. Takriban asilimia 85 ya nguvu inayotumika huingia chomboni, ilhali jiko la gesi hupoteza zaidi ya nusu ya joto lake hewani.

Basi nilichukua sumaku ndogo nikavipitia vyombo vya mama kimoja kimoja, kwani kile kisichonata sumaku jiko hili halikitambui. Chuma cha chapati kilinata. Kikaango kizito kilinata. Sufuria za alumini, ambazo ndizo nyingi, zote zilikataa. Birika la shaba lilikataa. Hata baadhi ya zile zing'aazo za chuma cha pua zilikataa. Mama alikuwa akinitazama kimya. Nilipofika kwenye chungu alichorithi kwa mamake, aliniuliza: "Na hiki mwanangu, mtakipeleka wapi?"

Swali lile ndilo lililotuchagulia jiko. Sahani moja ya sumaku ya wati 2000 ingetosha kwa chai na wali, nayo huchomekwa katika soketi ya kawaida. Lakini nyingi za bei nafuu hazijui moto mdogo: ukizipunguza, huwaka kwa nguvu kisha zikazima, huwaka tena zikazima. Mpishi wa pwani anajua tui zito litafanywa nini na moto wa namna hiyo, litakatika. Majiko ya thamani hushika joto dogo bila ya kutetereka, na hapo ndipo penye sehemu ya bei yake. Pili, jiko kubwa lina oveni tumboni, yenye joto la juu na la chini, kila moja likitawaliwa peke yake. Kwa mkate wa kumimina, huko ndiko kupalia makaa kwa njia nyingine. Na chungu kisichokaribishwa juu ya kioo hukaribishwa humo ndani, mradi kiingie oveni ikiwa baridi, kipashwe polepole kisipasuke.

Gharama haiishii dukani. Jiko la wati 7000 hunywa zaidi ya ampea 30 katika umeme wa volti 230. Halina budi kuwa na waya wake peke yake kutoka ubaoni, nalo ni jambo zito katika nyumba kongwe za mawe na chokaa. Tena umeme wetu wa Unguja hutujia kwa waya uliolala chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 ulikatika kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jifya moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo seredani haikutupwa. Imepandishwa darini penye upepo, kwa siku za kiza na kwa samaki wa kupaka, na kuiwasha ni kazi yetu sisi wana, si yake.

Wako wapenzi wa lugha watakaosikitika kwamba mjukuu wa leo hatamwona bibi akivuvia makaa. Nami nasikitika. Ila sikubali kwamba msamiati ulipiwe kwa pumzi za mama zetu. Tena maneno yana subira kuliko tunavyodhani. Mama bado huinjika na kuepua. Juzi alikuwa akikuna nazi, akamwita mjukuu wake: "Hebu punguza moto huo!" Mtoto akagusa kioo kwa kidole, wala hakuuliza moto uko wapi.