Mwanjelwa: Tulifuata Ampu, Tukasikilizana

Jamani, Mbeya mwezi wa saba si ya kuendea na blauzi ya mikono mifupi! Niliteremka kwenye basi la kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800, meno yanagongana. Mume wangu alinipokea na koti mkononi, na kabla hajaniuliza habari za safari akasema, "Kesho twende Mwanjelwa, nimeona ampu."

Mpenzi msomaji, ngoja nikueleze. Kwa miaka miwili tulikuwa wanandoa wa simu. Yeye alihamishiwa Mbeya kikazi, mimi nikabaki Dar na uhariri wangu. Safari hii nilikuja kuiona nyumba ambayo ningehamia. Nikakuta kitanda, jiko la gesi na spika mbili kubwa zisizo na ampu. Pazia hakuna! Nani asingenuna?

Soko lenye kelele zake

Mwanjelwa iko kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Soko la zamani liliteketea kwa moto mwaka 2006. Leo kuna jengo kubwa la kisasa, lakini biashara imemwagika mpaka nje: mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi, vitenge na mitumba. Maduka ya muziki yanashindana kwa spika za mlangoni. Hapa Bongo Fleva, pale kwaya, mbele kidogo rhumba ya Kongo.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Kinyakyusa mwenye kofia ya sufu. "Ugonile, mwanangu," akanisalimia, akatuwekea ampu mbili mezani, zote used. Moja Sansui kutoka Japani, nzito kama gunia la viazi, laki tisa. Nyingine Marantz PM6006, nyembamba, laki sita.

"Tubebe hii kubwa," mume wangu akasema. "Hii ina wati za kutosha!"

Mzee akacheka. "Baba, wati unazihesabu wapi?"

Wati si kila kitu

Basi bwana, tukapewa darasa. Yale maboksi mapya yaliyoandikwa wati 3000 PMPO yasikutie wazimu, hiyo ni hesabu ya kuvutia macho. Tafuta wati za RMS, zile ambazo ampu inazitoa mfululizo bila kuchoka. Marantz ile ina wati 45 tu kila upande kwa spika za omu 8, na kwa sebule yetu zinatosha na kubaki. Tena, ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti ndogo, mfuko unaona kubwa.

Kisha mzee akaigeuza Sansui nyuma. Imeandikwa volti 100. Huo ndio umeme wa Japani; wa kwetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, unanunua moshi! Inataka transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu ya kuibeba, na hiyo ni hela nyingine.

Mume wangu hakukubali haraka. "Lakini sauti yake, mzee! Sikiliza!" Na kweli, Sansui ilipolia kupitia transfoma ya dukani, duka zima lilijaa. Mzee akaifunga Marantz kwenye spika zilezile, tulizokuja nazo kwenye bajaji, akapandisha sauti mpaka zikalingana. "Kinacholia kwa nguvu siku zote huonekana kitamu," akasema. "Geukeni ukutani."

Tukageuka kama watoto waliokosea. Akaweka Remmy Ongala, kwa sauti ya chini, mara ampu hii, mara ile. Gita likawa linasikika kila uzi. Tulitakiwa kutaja ipi ni ipi. Mara sita, mimi nikapata tatu. Mume wangu akapata mbili!

Nilitegemea abishe. Badala yake akasema taratibu, uso bado ukutani, "Mimi nilitaka kubwa kwa sababu ile nyumba iko kimya sana."

Msomaji, nilinyamaza. Miaka miwili ya simu, hilo hakuwahi kuniambia. Alikuwa akisema yuko poa, nami nikisema niko poa, kila mmoja anakata simu na kubaki na kuta zake.

Tulichukua Marantz. Laki tatu iliyobaki ikaenda kwenye mapazia, mablanketi mawili, na nauli ya vyombo vyangu kutoka Dar. Nikamwambia mzee "ndaga fijo", Kinyakyusa pekee ninachokijua.

Ukienda nawe

Beba spika zako, au angalau muziki unaoujua vizuri. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuulizia bei. Linganisha ampu mbili kwa sauti sawa, tena ya chini. Acha iwake nusu saa, kisha iguse: joto la kawaida halina neno, harufu ya kuungua, kimbia. Na nenda na mwenzio. Mwulize anataka isikike vipi, halafu mwache amalize kusema.

Siku hizi jioni sebuleni kwetu Remmy anaimba polepole, na sisi tunaongea juu yake bila kupaza sauti.