Redio Ilikwenda Nairobi Ikarudi

Mpwa wangu anafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari huku kwetu Suguti. Juzi alifika nyumbani Kusenyi na kidude mfukoni, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Ilikuwa SSD, ile diski bapa isiyo na kinachozunguka ndani, aliyoiagiza Kariakoo kwa simu ikaletwa Musoma kwa basi. Lebo inasema terabaiti 1. Ukiweka mafaili zaidi ya gigabaiti chache, yanageuka takataka, kwa sababu ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake. Nikamwuliza risiti iko wapi. Akacheka. Nikamwuliza kama alipewa kadi ya gerentii.

"Mjomba, gerentii gani? Yule jamaa kashaniblok."

Kilichoniudhi ni kwamba hakukasirika. Msomi mwenye shahada anaona kununua kitu kibovu ni ajali tu, kama mvua kukukuta njiani. Ndipo nikatambua kwamba kijana huyu hajawahi hata siku moja kurudisha kitu dukani na kupokewa vizuri. Basi hili namwandikia yeye na wenzake.

Baba aliuza pamba, akanunua redio. Mimi nadhani ilikuwa 1971. Dada yangu anashikilia 1972, na ushahidi wake ni kwamba alikuwa tayari darasa la tano. Kadi ya redio ninayo hadi leo, ila mende wameila palepale penye mwaka. Tuiache hapo.

Duka lilikuwa Mtaa wa Mukendo, Musoma mjini, upande unaopata kivuli mchana. Mwenyewe alikuwa Mhindi mwembamba, mguu mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi mweusi, Kiswahili chake cha Musoma kabisa, na Kijita cha kutosha kununulia samaki bila mkalimani. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Watu walimwita Mzee wa Kadi. Ukiingia ulipokewa na harufu kabla ya kupokewa na yeye: udi wa asubuhi, maboksi mapya, na moshi wa lehemu kutoka chumba cha nyuma alikokaa fundi wake. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka mwalo wa Mwigobero, dagaa nao waliingia dukani bila kubisha hodi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba redio mpya zinanukia dagaa kutoka kiwandani.

Kuuziwa redio kulimaliza asubuhi nzima. Aliitoa kwenye boksi mwenyewe, akatia betri zake, si zako, akatafuta Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha BBC kwenye masafa mafupi. Halafu akaisukuma juu ya kaunta: "Haya, Baba Suguti, tafuta mwenyewe." Wateja wote wa vijijini aliwaita kwa vijiji vyao. Baba aliogopa kuigusa, vidole vyake vilikuwa na nyufa za jembe. Mzee akasubiri. Hakumshikia mkono wala hakumharakisha, mpaka baba akaipata Dar es Salaam mwenyewe na watu waliokuwa dukani wakapiga makofi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Aliigeuza redio, akasoma namba yake ya mgongoni kwa sauti, tarakimu moja moja. Mwanawe akaiandika kwenye leja kubwa yenye jalada la kitambaa. Kisha namba ikasomwa mara ya pili kutoka kwenye kadi, ilinganishwe na leja. Ukijua kusoma ulitakiwa uisome wewe. Nilisoma mimi, mtoto wa shule, sauti ikinitetemeka. Muhuri ukagongwa juu ya mstari wa katikati, kadi ikakatwa, nusu yake ya kupelekwa kwa wakala Nairobi, nusu ya baba. "Karatasi hii ni nusu ya redio," alisema. "Ukiipoteza, umebaki na nusu."

Baba aliihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai, pamoja na stakabadhi za kodi na za ushirika. Redio yenyewe iliwekwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa na mama. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya jioni.

Mvua za vuli hazijaisha, redio ikaanza kukoroma kila ukigusa swichi ya masafa. Majirani wakamshauri baba ampelekee fundi wa kijijini, maana Mhindi akishapokea pesa hapokei tena kitu. Baba hakubishana nao. Aliivika redio kanga mbili, akachukua mkebe wa chai, tukapanda basi la Majita kwenda mjini.

Mzee wa Kadi hakuuliza tuliiangusha wapi. Alizitazama skrubu za mgongoni kuona kama kuna bisibisi iliyopita, akafungua leja, akaipata namba, akamwambia mwanawe ajaze fomu. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa redio kuukuu yenye ufa kwenye kioo: "Sikiliza hii kwanza." Ya kuazima, bila senti hata moja. Ya kwetu ikashushwa bandarini, ikapanda meli ya Victoria, ile iliyoanza safari za ziwani mwaka 1961, ikavuka hadi Kisumu, na kutoka Kisumu ikashika treni mpaka Nairobi. Siku zile stempu ya posta yenyewe iliandikwa Kenya, Uganda, Tanzania. Hakuna aliyeona kwamba tunapeleka kitu ng'ambo.

Ikarudi. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyotaja kilichobadilishwa, nami nikaisoma mbele ya wazee waliokuja kuthibitisha kwamba redio inaweza kwenda Nairobi na kurudi Suguti. Baba hakulipa kitu isipokuwa nauli ya basi.

Miaka baadaye yule fundi wa chumba cha nyuma alinieleza ilivyokuwa ikifanyika. Wakala wa Nairobi alimrudishia Mzee gharama, mara nyingine kwa kuchelewa sana, mara nyingine hakumrudishia kabisa. Mzee hakungoja. Aliyebeba nusu ya kadi alikuwa mteja wake yeye, na Nairobi lilikuwa tatizo lake yeye. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 zilikuwepo redio za watu upande wa pili ambazo hazikurudi. Aliwapa wenyewe redio kutoka kwenye rafu zake, mmoja mmoja, kwa kufuata leja, mpaka rafu zikabaki na vumbi. Baada ya hapo aliuza betri, na betri zilipoadimika aliuza viberiti. Alifunga duka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nasikia alifia kwa mwanawe, Leicester, Uingereza.

Kompyuta nazo zina kisa chake. Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, baada ya mtambo wa Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu. Huku kwetu marufuku hiyo haikumsumbua mtu, maana hakuna aliyekuwa ameiona kompyuta. Mimi niliipata yangu mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipofungua kiofisi cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mabasi Musoma. Nilichapa mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, na kadi za michango ya harusi, ambazo ndizo zilizonilisha.

Diski ngumu ya pili niliyoifunga kwenye kompyuta ile ililetwa na ndugu aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai. Boksi lake lilikuwa na maandishi ya lugha nyingi, na katika zote iliahidiwa dhamana ya kimataifa ya miaka 3. Niliitunza risiti. Haukupita mwaka, diski ikaanza kugonga, ko, ko, ko, ule mlio ambao kila fundi anaujua: kichwa cha kusomea kinatafuta njia yake na hakiioni.

Nikaenda kwenye kibanda cha intaneti, nikalipia muda, nikaandika namba ya diski kwenye ukurasa wa kiwanda. Ikajibu kwamba dhamana ipo na inaendelea. Nikafurahi. Halafu ikaniambia nichague nchi yangu, nayo Tanzania haikuwemo kwenye orodha. Kenya haikuwemo pia. Nikamwandikia muuzaji wa Dubai, naye akasema mwenye risiti aje nayo dukani.

Hatimaye kiwanda kilikubali kunipa namba ya kibali cha kurudisha, na masharti yake nayakumbuka vizuri, maana mafundi wa leo wanakutana na yaleyale. Diski iwe kwenye mfuko maalumu unaozuia umeme tuli. Sponji iizunguke pande zote. Namba ya kibali iandikwe nje ya boksi, bila hiyo mzigo haupokewi. Gharama ya kupeleka ni yako, na kutoka Musoma gharama hiyo ilikaribia bei ya diski mpya. Data zilizomo usizitarajie tena. Utakachopewa si lazima kiwe kipya. Kinaweza kuwa kilichorudishwa na mwingine kikakarabatiwa, na muda wake wa dhamana unaendelea kuhesabiwa kutoka ule wako wa zamani.

Nikatuma. Ya badala ilipofika Dar es Salaam ikazuiwa, kwa sababu karatasi yake ilionyesha thamani, na kitu chenye thamani kinachoingia nchini ni bidhaa iliyonunuliwa. Nikaeleza kwamba sikununua, nimebadilishiwa. Nikaulizwa karatasi ya forodha ya kuonyesha kwamba ile mbovu ilitoka nchini kwa ajili ya matengenezo. Karatasi hiyo hutolewa kabla mzigo haujaondoka, na pale nilipotumia hakuna aliyeitaja. Gharama ya wakala wa forodha ikajumlishwa na ya ghala. Nilipoishika diski ile mkononi ilikuwa ghali kuliko mbili mpya. Dhamana ya kimataifa ni ya kimataifa kwa mtu anayeishi jirani na uwanja wa ndege mkubwa. Kwa mtu wa Suguti ni mapambo ya boksi.

Inaudhi zaidi ukijua kwamba wenzetu walishalimaliza jambo hili. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1999, likaanza kutumika 2002: kitu kikionekana kibovu ndani ya miaka 2, anayewajibika kwa mnunuzi ni aliyemuuzia, si kiwanda cha mbali. Muuzaji akadaiane mwenyewe na kiwanda. Hiyo ndiyo kanuni ya Mzee wa Kadi, aliyoifuata Mukendo bila agizo la umoja wowote. Na sisi hatukukosa sheria. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi kwa Waingereza inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima za kumlinda mlaji. Lakini ingia duka lolote, kuanzia Bunda hadi Musoma, usome kilichopigwa chapa chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Yaliyofuata ni mafupi. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski, bei zikapaa, na kabla mwaka mpya haujaanza Seagate na Western Digital wakatangaza kupunguza dhamana za baadhi ya diski zao, nyingine kutoka miaka 5 hadi 1. Huku kwetu zikaja risiti za mashine za EFD, ambazo ukiziacha juani zinakuwa nyeupe kabla hata dhamana haijaisha. Kisha simu ikawa duka, picha ikawa bidhaa, na basi likawa posta. Waranti ya siku hizi ni siku 7, ya mdomo, na anayeitoa hujawahi kumwona uso. Palipokuwa na duka la Mzee wa Kadi sasa pamegawanywa vyumba vinavyouza makava ya simu. Niliuliza chaja yenye gerentii, kijana akaniambia, "Mzee, hapa tunatest tu, ukitoka mlangoni ni yako."

Sasa wewe, mpwa wangu. Kabla hujatuma pesa, muulize muuzaji swali moja: kikiharibika, nani atakipokea, na yuko mtaa gani? Akikutajia mtu na mlango wake, nunua. Akikutajia bara, pesa ibaki mfukoni. Ukishanunua, ipige picha risiti ya EFD siku ileile, na namba ya kifaa iandikwe juu yake mbele yako. Na ninyi wenye maduka Musoma, Bunda na Butiama: leja bado zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, na mihuri inachongwa hapahapa mjini. Andikeni namba, gongeni muhuri, mpokeeni mteja anaporudi. Baba yangu aliuziwa redio moja tu na mtu yule, lakini Suguti nzima ilinunua kwake mpaka rafu zilipokauka.