Nimeacha Kupika Lutuku

Vita vilitutoa upande wa Pweto, Kongo, mwaka 2017. Nilipitia kambi ya Kenani, kisha 2018 nikahamia makazi ya Mantapala, humu humu wilayani Nchelenge, Zambia. Kazi niliyokuja nayo ni kupika lutuku: muhogo na mahindi vichachuke, uchemshe, mvuke upite kwenye mrija, ukinge. Wateja hawakunipa shida, maana mvuvi wa Kashikishi akishauza samaki hakawii kutafuta kileo.

Mdogo wangu anaishi Uganda. Huko huenda kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe, alichokianzisha mwaka 2005 Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda. Alinitumia kwa simu maadili matano: kutoua, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia kileo. Nilicheka. Mbona hata mchungaji wetu anayahubiri!

“Yaya,” akaniambia, maana mimi ni mkubwa wake, “hapa hakuna anayekuamuru. Unajiwekea mwenyewe.”

Sisi wa Ziwa Mweru amri tunazijua. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Wapo wanaotii doria ikiwa karibu tu. Usiku vyandarua vya mbu vinaingia majini.

Kwa kuwa mimi silewi, nilijiona sina deni na lile adili la tano. Ndipo mdogo wangu akanitajia biashara tano ambazo Buddha aliwakataza wafuasi wake: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Nikanyamaza. Kulikuwa na mvuvi aliyeacha kwangu pesa yote ya samaki wadogo waitwao chisense, halafu mkewe akaja kunikopa unga. Nilikuwa namkopesha mke kwa pesa ya mumewe.

Sasa nauza unga wa muhogo na karanga. Faida ni ndogo, sifichi. Samaki nakula, hata watawa wa Kibuddha wa Theravada hula nyama waliyopewa, ilimradi hawakuona, hawakusikia wala hawashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yao. Kuuza samaki ndiko sitaki, na watu hunicheka: ukae Mweru usiuze samaki? Jumapili niko kanisani kama zamani. Mchungaji aliponiuliza kama nimebadili dini, nilimjibu nimebadili biashara.

Dada unayepika bado, pipa usilipasue leo, watoto watalala njaa. Panda muhogo kwanza. Unaweza kuchukua mwaka na zaidi kukomaa. Ukiuvuna, zima moto.