Matthews, Laine na Hesabu Niliyoikwepa

Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisoma nikiandika juu ya bajeti, uchaguzi na vyuo vikuu. Leo wanivumilie. Nina deni la miaka mingi, nalo limetokana na hoki ya barafuni.

Majira ya baridi ya 2016 na 2017 nilikuwa mwanafunzi Toronto, Kanada, na chumba changu kilipakana na cha mzee mmoja Mkongomani wa Bukavu. Alipoingia nchini humo alifikia Winnipeg, na mapenzi yake kwa timu ya Winnipeg Jets hayakuhama alipohama yeye. Mimi niliishabikia Toronto Maple Leafs kwa sababu isiyo na heshima yoyote: ndiyo timu iliyozungumzwa na kila mtu ndani ya basi. Mwaka huo kila mmoja wetu alikuwa na kijana wake. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa Juni 2016, Toronto, waliopata nafasi ya kwanza, walimchukua Auston Matthews, Mmarekani aliyekulia jangwani Arizona. Winnipeg, wa pili, wakamchukua Patrik Laine wa Tampere, Ufini. Wote wawili walikuwa na miaka 18.

Ubishi ulianza mapema. Tarehe 12 Oktoba, katika mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi, Matthews alifunga mabao manne dhidi ya Ottawa (timu yake ilifungwa 5–4 katika muda wa nyongeza, jambo ambalo jirani yangu hakuchoka kulikumbusha). Wiki moja baadaye vijana hao walikutana Winnipeg. Toronto waliongoza 4–0. Laine akafunga matatu, la mwisho katika muda wa nyongeza, na Jets wakashinda 5–4. Usiku huo ukuta wangu uligongwa mara tano.

Kwa ustadi hawakufanana. Laine alikuwa winga wa shuti. Alisimama upande wa kushoto akingoja pasi, na kile kisahani cheusi cha mpira kilipomfikia hakukituliza; alikipiga papo hapo, na mara nyingi kipa alikuwa hajamaliza kugeuka. Matthews alicheza katikati, nafasi yenye kazi nyingi zaidi: kugombea kisahani kila mchezo unapoanzishwa, kurudi kusaidia ulinzi, kuwapokonya wapinzani. Shuti lake halikuwa na kishindo. Alikivuta kisahani karibu na miguu yake kabla ya kukiachia, na kipa aliyekwisha kujipanga akajikuta amejipanga pasipo.

Msimu ulipokwisha nilimwendea jirani yangu na karatasi. Matthews: mabao 40, pointi 69, mashuti 279. Laine: mabao 36, pointi 64, mashuti 204. Nikamwambia ubishi umekwisha, mzee wangu. Aliitazama karatasi kwa muda.

“Mwalimu, huyu wangu alikuwa mgonjwa. Siku za ugonjwa unamhesabia namna gani?”

Alikuwa na haki. Januari 2017 Laine aligongwa akapata mtikisiko wa ubongo, akakaa nje. Alicheza mechi 73; Matthews alicheza zote 82. Nililijua hilo. Nilikuwa nimekwisha kugawanya, na ndiyo sababu karatasi yangu haikuwa na safu ya mechi. Mabao kwa kila mechi: Matthews 0.488, Laine 0.493. Pointi: 0.84 kwa 0.88. Tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi ilipokwenda kwa Matthews, Laine akiwa wa pili, niliitumia kuufunga mjadala.

Hoja ya haki kwa Matthews ilikuwapo, ila ilidai kazi. Mabao yake 32 yalifungwa timu zikiwa na idadi sawa ya wachezaji uwanjani, na hakuna aliyemzidi katika ligi nzima kwa hilo. Laine alifunga 44 msimu uliofuata, lakini 20 kati ya hayo yalipatikana wapinzani wakiwa wamepungukiwa kwa adhabu. Anayeishi kwa kungoja pasi humtegemea mpasiaji. Hayo ningeweza kumweleza mzee yule. Nilichagua jumla kwa sababu jumla haijibiwi haraka.

Miaka michache baadaye, nikiwa nimerudi nyumbani, niliketi katika jopo la kumchagua mhadhiri msaidizi. Walibaki vijana wawili. Mmoja alikuwa na makala nyingi kuliko mwenzake, na mwenzake alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Tulihesabu makala. Hakuna aliyeuliza miezi, nami nilikuwa mtu pekee mezani aliyekwisha kuulizwa swali hilo. Nilitia saini. Usiku nyumbani niligawanya makala za yule dada kwa miezi aliyokuwa kazini. Alimzidi mwenzake, kwa kiasi kidogo. Barua zilikuwa zimekwisha kutumwa, nami sikuomba zirudishwe.

Aprili 2024 Matthews alimaliza msimu na mabao 69. Laine, ambaye tayari alikuwa amehamishiwa Columbus, alicheza mechi 18 tu msimu huo: alivunjika mfupa wa bega, kisha akaingia katika mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji. Jirani yangu wa zamani aliniandikia maneno mawili: “Mwalimu, ulishinda.” Nilimjibu kwa hesabu niliyomficha mwaka 2017: 40 kwa 82, 36 kwa 73.