Kimberley, mji wenye shimo, na babu yangu wa Wenela

Wadau, mnajua kuna mji ambao watu wanasafiri kwenda kuangalia shimo? Ndio Kimberley, Afrika Kusini. Wanaliita Big Hole. Lilianza kuchimbwa mwaka 1871 kwa sururu na koleo, likafungwa mwaka 1914. Sasa chini kuna maji ya kijani, na ukisimama pale juu kwenye jukwaa la kutazamia, aisee, miguu inatetemeka yenyewe.

Pembeni ni makumbusho, mtaa mzima wa kizamani wenye baa, maduka na kanisa. Shosti niliyekwenda naye alipiga picha mpaka simu ikazima. Kuna na chumba cha almasi, mle ndimo ilimo Eureka, iliyookotwa mwaka 1867. Ndogo, jamani! Nilitegemea kitu cha kujaza kiganja.

Ila kilichonikaa ni habari za kambi. Kuanzia miaka ya 1880 makampuni ya almasi yaliwafungia wachimbaji Waafrika ndani ya uzio, hutoki mpaka mkataba uishe. Na kabla ya kutoka unakaa siku kadhaa uchi, mikono imefungiwa kwenye glovu za ngozi, usije ukawa umemeza jiwe. Wafanyakazi wazungu walipotaka kuvuliwa nguo wasachiwe, waligoma, wao wakalegezewa.

Babu yangu mzaa mama alitoka Tukuyu kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg miaka ya 50, enzi za Wenela. Najua Johannesburg sio Kimberley, lakini mtindo wa kuwaweka watu kambini ulianzia huku kwenye almasi, wenye dhahabu wakauchukua. Babu alirudi na baiskeli, koti zito na kikohozi. Habari za baiskeli alisimulia mpaka tukazikariri. Ukimuuliza walikuwa wanalala wapi, anajibu "kambini", basi, anaomba chai.

Usiku ule nikampigia mama, nikamweleza nilichokiona. Akakaa kimya nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Ndio maana baba alikuwa halali mlango ukiwa umefungwa." Na baridi yote ile ya Tukuyu! Bibi alikuwa anafunga, yeye anaamka usiku anafungua. Akiambiwa kuna wezi, anasema waje tu.

Mwenzenu sikulala. Haya, nani mwingine hapa babu yake alikwenda Wenela? Alikuwa anasimulia nini?