Tope Linaloibeba Barafu

Nasoma mashapo yaliyoachwa na mito ya barafu, na mahali ninapopajua zaidi ni Bonde la Teleki, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Wengi hudhani barafu huteleza tu juu ya mwamba. Kazi hii imenifundisha kwamba mara nyingi barafu husafiri pamoja na ardhi iliyo chini yake.

Barafu hujitengenezea mashapo hayo. Hung'oa mawe, huyasaga, na unga wake huchanganyika na changarawe na mawe makubwa kuwa udongo tunaouita tili. Kisha huuelemea: barafu yenye unene wa mita 100 hukandamiza kila mita ya mraba kwa tani 90 hivi. Hapo maji yaliyomo ndani ya tili ndiyo yenye uamuzi. Yakipata pa kutokea, tili hushindiliwa hadi sururu inadunda. Yakikwama katikati ya chembe, hubeba sehemu ya uzito huo, chembe hulegeana, na tope huanza kuburutwa. Chini ya mto wa barafu wa Breiðamerkurjökull, kule Iceland, mwanajiolojia Geoffrey Boulton na wenzake walipenyeza vijiti ndani ya tili. Walipovifukua, waliona kuwa sehemu kubwa ya mwendo wa barafu ilitokea ndani ya tope lenyewe.

Mburuto huo huacha alama. Matabaka ya mchanga hukunjika na kunyooka kama chapati iliyokunjwa ikasukumwa upya, na mawe marefu hulala yakifuata mwelekeo wa barafu. Pale kijito kilipokata ukingo, nausafisha kwa mwiko, kisha napima kwa dira ulalo wa jiwe mojamoja hadi yatimie 50. Nikipata jiwe la sainaiti lenye mikwaruzo sambamba nafurahi sana, kwa kuwa mwamba huo ndio uliojenga vilele vya mlima huu, Batian na Nelion, na jiwe hilo limeshuka kutoka huko juu.

Lakini maporomoko ya tope nayo huacha mchanganyiko wa mawe na udongo. Ukiyachora kwenye ramani kuwa kazi ya barafu, umepotosha historia ya hali ya hewa ya mlima mzima. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasitosheke na ishara moja: mikwaruzo, ulalo, mikunjo na ugumu wa udongo vyote vihojiwe. Mto wa barafu wa Lewis, hapo mlimani, unazidi kuyeyuka, na tili inayobaki inastahili kusomwa kwa uaminifu uleule tunaoupa barafu yenyewe.