Machipuko ya York, Nyuma ya Nyumba

Aprili, York huvaa njano. Asubuhi nilipanda ukuta wa kale pale kwenye lango la Micklegate Bar, jua likiwaka kama la Tanga ila halina joto hata kidogo. Mteremko wa nyasi chini ya ukuta ulijaa dafodili hadi karibu na stesheni ya treni, zikiyumba kwa upepo, na kwa mbali minara ya kanisa kuu la York Minster. Wenyeji walipita na fulana. Mimi nilivaa makoti mawili na bado pua ilichuruzika.

Maua ya ukutani ni ya kila mtu. Niliyoyafuata yako South Bank, mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizobanana, kila moja na kiuga chake nyuma. Jirani wa binamu yangu, bibi mwenye mvi tupu, alifungua mlango kabla sijabisha. "Ey up, love!" akanilaki Kiyorkshire, akanivisha mabuti ya mpira ya marehemu mumewe. Yalinipwaya, lakini nje kulikuwa tope tupu.

Kiuga hakizidi ua wa nyumba ya Kiswahili, ila hakuna shubiri iliyoachwa wazi. Haisinti za buluu ndizo zilizonikamata kwanza. Asumini yetu hungoja magharibi ndipo imwage harufu. Haisinti inakuvamia mchana kweupe, tamu, nzito, karibu ya kukera. Tulipu zilikuwa bado zimefumba kwa baridi. Jua lilipopanda zikaanza kufumbuka, nyekundu, zambarau iliyokaribia weusi, na nyuki wanene wenye manyoya wakajitosa ndani.

Bibi akanieleza kazi yake. Vitunguu vya maua hufukiwa majani ya miti yanapopukutika, tulipu mwishoni kabisa, kwenye Novemba. Vikikosa majuma mengi ya baridi, havitoi ua la maana. "Kwenu vingeota majani tu," akasema, akanionea huruma ya kweli. Mimi niliyekuwa nikiilaani baridi tangu uwanja wa ndege, nikanyamaza. Adui yake yeye ni kindi: hufukua tulipu akazitafuna, dafodili hazigusi kwa kuwa zina sumu.

Ghafla mvua ya mawe. Tukakimbilia kibanda cha vioo, tukanywa chai ya maziwa na kula rubabi iliyookwa chini ya chengachenga za unga na siagi, chachu ya kukunja uso. Karibu na Wakefield, si mbali na hapa, rubabi hukuzwa gizani mabandani na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa. Dakika kumi baadaye jua lilirudi na majani yote yakawa yanameta.

Kumkaribisha mgeni bustanini ni desturi kubwa Uingereza. Tangu 1927, chini ya National Garden Scheme, watu hufungua bustani za nyumbani kwao kwa kiingilio, wakati ule shilingi moja, kuchangia wauguzi. Bibi hakunitoza hata senti. Kila nilipoaga alikumbuka ua jingine sijaliona, na kwa kuwa saa moja jioni bado kulikuwa kweupe, sikuwa na kisingizio.

Mwishowe akanishika mkono hadi kwenye uzio, akanong'ona nichungulie kwa jirani. Tulipu za jirani zilikuwa kubwa zaidi. "Anatumia samadi ya farasi," akasema bibi, na kukunja uso.